Mama Stima na Mashine Iliyochagua Mtu

Ukifika mtaa wa Matisi, Kitale, uulizie nyumba ya Nabwile Wakoli, watu watakutazama tu. Ulizia Mama Stima, na hata anayechoma mahindi kando ya barabara ataacha jiko lake akupeleke mpaka mlangoni. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja, na siku hizi analiitikia haraka kuliko lile la ubatizo.

Ana miaka arobaini na minne, ngazi mbili, mwana mmoja aitwaye Ian, na leseni ya ufundi wa stima iliyotiwa fremu ikatundikwa sebuleni, mahali ambapo wenzake hutundika picha ya harusi. Picha ya harusi iko chumbani. Mume wake alilalamika kidogo, kisha akazoea.

Kwao ni Chwele, upande wa Bungoma. Mzee Wakoli, baba yake, alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, na siku za soko Nabwile ndiye aliyeshika kamba baba akibishana bei. Kabla hajajua kusoma vizuri alishajua kumtofautisha ng'ombe aliyeshiba na ng'ombe aliyenyweshwa maji mengi asubuhi ili aonekane mnene. Alipomaliza shule akasema anataka kusomea stima kwenye chuo cha ufundi pale Bungoma, baba alicheka mpaka akakohoa.

"Stima? Si wewe ni msichana. Utapanda juu ya nyumba ya watu na sketi?"

"Nitavaa suruali, baba."

"Suluali?" Mzee Wakoli akamgeukia mkewe. "Ati suluali!"

Alivaa hiyo suruali. Darasani walikuwa wanaume thelathini na yeye, na mwaka wa kwanza walimwachia kazi ya kufagia karakana. Alifagia. Mwaka wa pili alikuwa anawaonyesha walipokosea, na ufagio ukapata mwenyewe mwingine.

Alipohamia Kitale kutafuta kazi alikaa kwa mama yake mdogo, Agneta, aliyekuwa akifulia watu nguo kwenye nyumba za wenye nazo. Jioni moja Agneta alirudi mkono wake wa kulia ukitetemeka, hawezi hata kushika kikombe. Mashine ya kufua ya tajiri wake ilikuwa imempiga. Alipomwambia mwenye nyumba, yule bwana aliigusa mashine kwa kidole, akiwa na viatu vyake vya ngozi na soli nene, akasema haina kitu, Agneta ni mvivu tu anatafuta sababu. Kazi ikaisha hapo. Nabwile alimsugua mkono ule kwa maji ya moto mpaka ukatulia, na hasira aliyoipata siku ile hajaimaliza mpaka leo.

Ndiyo maana ukimpa nyumba aiwekee stima, mengine yote mtazungumza. Unataka taa ya urembo sebuleni, sawa. Unataka swichi za rangi ya dhahabu, ni pesa zako. Lakini mahali pa kufulia, hasa kama ni chumba cha chini chenye unyevu, usimwambie kitu. Pale, husema, vinakutana vitu vitatu visivyopendana: maji, stima, na mtu aliyevua viatu. Soketi ataiweka juu, usawa wa kifua, mbali na bomba, na kifuniko chake cha kuzuia maji. Itakuwa na laini yake peke yake, si ya kuazima kutoka jikoni. Waya ya kuburura sakafuni ni mwiko. Na kwenye ubao wa stima lazima aweke swichi ya usalama, ile ambayo stima ikianza tu kuvuja kwenda mahali isipotakiwa, inajiangusha yenyewe kabla hujamaliza kusema aii. Mwisho kabisa, nje ya nyumba, anapigilia ardhini nondo ndefu ya shaba na kuifunga waya ya kijani, ili stima iliyopotea njia iwe na pa kwenda badala ya kupita ndani ya mtu.

Wateja hununa. Wanasema Mama Stima ana mambo mengi. Halafu wanalipa, na wanamtuma kwa ndugu zao.

Aliyemtuma kwa watu wengi kuliko wote alikuwa Mwalimu Kimaiyo wa Saboti, kule kwenye miteremko ya Elgon. Mwalimu amestaafu, lakini sauti haijastaafu. Akisema mbegu fulani ya mahindi ni nzuri, kijiji kizima kinapanda hiyo. Nyumba yake imejengwa kwenye mteremko, sehemu ya chini imechimbiwa ndani ya udongo, na humo ndimo kuna stoo na chumba cha kufulia. Nabwile aliiwekea stima miaka miwili iliyopita. Walibishana siku nzima kuhusu soketi, maana Mwalimu aliitaka chini karibu na sakafu, waya isionekane. Nabwile akashinda. Baada ya hapo Mwalimu alimpeleka kwenye nyumba sita za majirani, na zote sita zikapata swichi ya usalama, kwa sababu Mwalimu anayo.

Basi Alhamisi moja ya mwezi wa nane, Mwalimu akampigia simu. Hakusalimia.

"Fundi, hii swichi yako imenichosha. Wiki tatu inazima nyumba. Kesho kutwa ni koito ya binti yangu Jelimo, wakwe wanakuja kuzungumza mahari, mimi siwezi kuwaketisha kwa giza. Kesho saa sita fundi Bramwel anakuja kuitoa, aweke dairekti, stima ipite bila hiyo swichi. Na wale majirani pia wamesema watoe zao. Mimi nimekupigia tu kwa heshima."

Nabwile alikuwa kazini Kiminini, juu ya ngazi, koleo mkononi. Alishuka, akaketi kwenye ngazi ya mwisho. Mwalimu akitoa yake, nyumba saba zitabaki bila ulinzi ndani ya siku moja, na nyumba saba zitasema kazi ya Mama Stima ni mbovu. Hakujua kipi kilimuuma zaidi, akajikuta ana hasira na vyote viwili.

"Mwalimu, nipe mpaka hiyo saa sita," akasema. "Nitakuja asubuhi na mapema. Kama swichi ni mbaya, nitaitoa mimi mwenyewe na kazi yote nirudie bure."

"Kuja. Lakini Bramwel pia anakuja."

Ijumaa saa mbili alikuwa amefika Saboti. Boma limefagiwa, hema linafungwa, wanawake wamejaa jikoni, vitunguu vinakatwa. Mwalimu alikuwa anasimamia kila kitu akiwa ndani ya gambuti zake nyeusi za mpira, maana mvua ilikuwa imenyesha na uwanja ulikuwa tope tupu.

Mambo yenyewe, kama alivyoyaeleza huku wakishuka ngazi za kwenda chini, yalikuwa hivi. Wiki tatu nyuma Jelimo alimletea mama yake mashine ya kufua kutoka Nairobi, mtumba lakini nzuri, zawadi ya bintiye kabla ya kuolewa. Tangu siku ya kwanza, Chepkirui, mke wa Mwalimu, akiigusa tu, nyumba nzima inazima. Mwalimu anashuka kwenye ubao wa stima, anairudisha swichi juu. Chepkirui anagusa, inaanguka tena. Lakini Mwalimu akigusa yeye, hakuna kitu. Bramwel alikuja wiki iliyopita akaigusa, hakuna kitu. Kwa hiyo watu wa boma walishaamua mashine inachagua mtu, na mtu isiyemtaka ni mama mwenye nyumba.

"Angalia," Mwalimu akasema. Akasimama kwenye sakafu iliyolowa, akaupiga mgongo wa mashine kwa kiganja, pa, pa, pa. Taa haikutikisika. "Unaona? Mashine iko sawa. Swichi ndiyo imelewa."

Chepkirui alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vitambaa vya meza. Alikuwa mama mnyamavu wa miaka sitini na kitu, leso imefungwa kiunoni, miguu mitupu. Viatu alivivua juu, kwenye ngazi, kama anavyovua siku zote asije akachafua sakafu.

"Ni mikono yangu tu," akasema bila kuulizwa. "Nilizoea kufua kwa mto. Sijui hizi vitu za kisasa."

Wanawake wawili nyuma yake wakacheka. Yeye pia alijaribu kucheka, ila kicheko hakikutoka vizuri. Akaweka beseni chini, akanyoosha mkono kuelekea mashine kumwonyesha fundi.

"Mama, usiguse!" Nabwile alipiga kelele mpaka wote wakaruka. Akamshika kifundo cha mkono, akamrudisha nyuma mpaka mlangoni, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Pole mama. Niambie tu ukweli. Ukigusa, inakuuma?"

Chepkirui akamtazama mumewe kwanza.

"Kidogo," akasema. "Kama imeniuma hapa, inapanda mpaka kwa kiwiko. Halafu stima inapotea. Nilimwambia baba Jelimo, akashika, akasema haina kitu. Nikanyamaza. Si msichana wangu ameninunulia na pesa yake?"

Nabwile angejibu, angesema maneno ambayo fundi hamwambii mteja. Alitoa mita yake mkobani, ncha moja akaiweka kwenye bati la mashine, nyingine akaigusisha sakafu iliyolowa. Namba zikapanda: volti mia moja na themanini. Akamwonyesha Mwalimu.

"Hii ni nini?" Mwalimu akauliza.

"Hiyo ni stima iliyo kwa mwili wa mashine. Kuna kitu ndani kimeungua, inavuja. Wewe uko na gambuti, Mwalimu. Bramwel alikuja na buti za soli nene. Mpira unaizuia stima, haipati njia ya kushuka. Mama yeye anakuja miguu mitupu kwa maji. Anayepigwa ni yule hana viatu."

Mwalimu akaangalia gambuti zake.

"Lakini bado kuna kitu sielewi," Nabwile akaendelea, na hapa alikuwa anajiuliza mwenyewe. "Hiyo stima haikufaa kumngojea mama. Ilifaa ishuke na waya ya kijani mpaka kwa nondo, na swichi ianguke hapo hapo ukichomeka tu, hata kama hakuna mtu chumbani. Kwa nini haikushuka?"

Alichomoa mashine, akatoka nje, akaufuata ukuta mpaka nyuma ya nyumba. Huko alisimama, mikono kiunoni. Kisanduku kidogo cha saruji alichokijenga kufunika nondo kilikuwa kimepasuka, kifuniko kiko hatua tatu mbali. Na kuizunguka ile nondo, nyasi zilikuwa zimeliwa mpaka mizizi, duara zuri lisilo na kasoro, na nje ya duara nyasi zinafika magotini. Ndani ya duara, mavi ya ng'ombe, makavu na mabichi.

Mafundi wengi wangetazama waya. Mtoto wa mchuuzi wa Chwele alitazama nyasi. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye shingo ya nondo. Ilikuwa laini, imesuguliwa na kamba mpaka inang'aa. Waya ya kijani ilikuwa imekatika kwenye kibanio na kukanyagiwa kwenye tope.

"Mwalimu!" akaita. "Hapa mmefunga ng'ombe?"

Mwalimu akaja, na kabla hajafika akaanza kueleza kwa furaha. Ni ng'ombe wake wa maziwa, yule mwenye mabaka, anayetoa debe zima. Amemleta karibu na nyumba tangu mwezi uliopita ili wakwe wakija wamwone bila kuambiwa. Leo amepelekwa joshoni kuogeshwa dawa.

"Na uliacha hii chuma nzuri hapa," akamalizia. "Imeingia chini kabisa, haing'oki. Nikasema hii ni kigingi cha bure. Hata kamba haichomoki."

Nabwile alijaribu kujizuia akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha ghafla, kwa sababu alikuwa amekumbuka ni saa ngapi, na ni nani anakuja saa sita.

"Mwalimu, hiyo si kigingi. Hiyo ndiyo njia ya stima kurudi chini. Ng'ombe ameivuta mpaka waya ikakatika. Tangu siku hiyo, nyumba yako haina njia nyingine. Njia imebaki mama."

Mwalimu akainama kuitazama waya iliyokatika.

"Na kitu kimoja tu kilikuwa kinamwokoa," Nabwile akasema. "Hiyo swichi unataka kutoa. Kila ikianguka, ilikuwa inamnyang'anya stima mkononi. Ungeweka dairekti leo saa sita, saa saba mama akirudi kufua, haingemwachilia."

Chepkirui alikuwa amewafuata, na sasa amevaa viatu. Mwalimu akamgeukia.

"Ni mara ngapi?" akamuuliza. Sauti yake ya darasani ilikuwa imepotea kabisa. "Mama Jelimo, imekupiga mara ngapi?"

"Kumi na moja," akasema Chepkirui. "Nilikuwa nahesabu."

Mwalimu Kimaiyo, mtu aliyewapiga viboko nusu ya wanaume wa Saboti, aliketi chini palepale kwenye nyasi zilizoliwa, hakujali suruali wala mavi. Kumi na moja. Mara kumi na moja alishuka ngazi akinung'unika, akairudisha swichi juu, akamwambia mkewe ajaribu tena.

Nabwile hakumwacha akae sana, maana kazi ilikuwepo. Alikata waya iliyoharibika, akaweka kibanio kipya, akamwagia nondo maji, akapima mpaka mita ikaridhika. Alirundika mawe na saruji kuizunguka, safari hii juu kiasi ambacho hata dume lingeshangaa. Kisha akawaita wote chini, akawaweka mlangoni mbali na maji, mashine iko peke yake katikati ya chumba.

"Hakuna mtu amegusa?"

"Hakuna!"

Akavaa glovu zake, akachomeka, akabonyeza swichi ya soketi. Tak! Nyumba ikazima.

Chepkirui akaweka mkono kifuani.

"Kumbe si mimi," akasema.

Akarudia tena, kwa Kisabaoti, akiwageukia wale wanawake wawili waliokuwa wakimcheka, na wao ndio walioanza kulia kabla yake. Nabwile alijifanya anatafuta bisibisi mkobani. Ni fundi, lakini ana moyo, na alihisi fahari. Hakuna aliyemsaidia kuamini maneno ya yule mama. Aliyaamini mwenyewe, tangu mlangoni.

Mashine ikafunikwa gunia na kuwekwa kando mpaka ibadilishwe kile kipande cha kuchemsha maji kilichoungua. Vitambaa vya meza vikafuliwa kwa mikono sita. Saa sita kamili Bramwel akatua na pikipiki, buti zake nene mguuni. Mwalimu hakumgombeza. Alimpeleka nyuma ya nyumba akamwonyesha duara. Bramwel akaliangalia kwa muda.

"Mimi sikutoka nje," akasema mwishowe. "Niliangalia ndani tu." Akamgeukia Nabwile. "Dada, siku nyingine ukienda kazi kama hii niite nione."

"Vaa tu kiatu chochote," Nabwile akamjibu, "lakini uliza yule hana."

Jumamosi wakwe walifika, magari manne, wazee wanane kwenye viti vya mbele chini ya hema. Nabwile alikuwa amealikwa kwa lazima, akavaa gauni la kijani na kukaa nyuma kabisa. Watu walingoja Mwalimu aanze kuitaja familia yake kama ilivyo desturi. Badala yake alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kabla ya mambo ya watoto kuna kitu anataka wazee waone, wamfuate.

Wakamfuata wakinong'onezana. Wakashuka ngazi mmoja mmoja na fimbo zao, mmoja akitania kwamba labda huko chini Mwalimu amemficha binti mwingine mzuri zaidi. Mwalimu akasimama mbele ya ubao wa stima kama aliyesimama mbele ya darasa la nane, akanyoosha kidole.

"Hii kitu nimeitukana wiki tatu. Nimeiita mlevi. Na yule mama amewapikia chakula huko juu, ningekuwa nimemzika wiki hii. Mimi ndiye nilifunga ng'ombe kwa ile nondo. Si ng'ombe, si mashine, si mama. Ni mimi." Akapumua. "Fundi yuko wapi? Nabwile binti Wakoli, kuja hapa mbele."

Watu wakampisha. Nabwile akateremka na viatu vyake vya kisigino, uso unamwaka, akasimama kando ya kazi yake. Mwalimu akaeleza kila kitu, soketi ya usawa wa kifua, gambuti, nondo, duara la nyasi, hakujibakishia heshima hata kidogo. Majirani wa zile nyumba sita walikuwa wamejazana kwenye ngazi, na hakuna hata mmoja aliyetaja tena neno kutoa.

Mzee mkubwa wa upande wa wakwe, Kiplangat, alikuwa amesikiliza akiegemea fimbo. Mwalimu alipomaliza, yule mzee alimsogelea Nabwile, akainama karibu na sikio lake.

"Hiyo nondo," akauliza polepole, "ni ile inakaa nje, rangi kama senti ya zamani, na waya ya kijani?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee Kiplangat akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa simu. Nabwile akamsaidia kubonyeza. Ilipopokelewa alisahau yuko mbele ya nani, akapaza sauti mpaka wapishi wakaisikia kule jikoni.

"Wewe, sikiza! Mama yuko wapi? Mwambie asifue. Ndiyo, sasa hivi, aache hizo nguo hapo. Halafu toka nje ukafungue ng'ombe!"